Bodi mbili chumba kimoja, moja inasema 12 nyingine 39: kosa haliko kwenye ADC

Swali lililonifikia, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mtaalamu. Natengeneza inkubeta ya mayai 60, natumia bodi ya STM32F103, ile ndogo ya bluu. Ili kubana matumizi nikaamua joto nisome kwa sensa iliyomo ndani ya chipu yenyewe, chaneli ya 16. Sasa nina bodi mbili, zote ziko meza moja, themomita ya ukutani inasema 27, bodi ya kwanza inanipa 39 na ya pili inanipa 12. Nimeita HAL_ADCEx_Calibration_Start kabla ya kusoma kama nilivyoelekezwa, haijabadilika kitu, labda nusu digrii tu. Nakosea wapi? Au bodi ni feki nihamie chipu za F4?"

Marahaba mdogo wangu. Bodi zinaweza kuwa feki na zinaweza kuwa orijino, kwa namba ulizonipa siwezi kukuambia, kwasababu hata chipu halisi kabisa kutoka kiwandani zinaruhusiwa kutofautiana hivyo na hamna mtu wa kumlalamikia, imeandikwa kwenye datashiti, ile karatasi ya vipimo ya mtengenezaji. Na ile kalibresheni uliyoita imefanya kazi yake vizuri tu, ile nusu digrii uliyoiona ndo kazi yenyewe. Tatizo ni kwamba unaidai irekebishe kitu ambacho haikuwahi kutengenezwa kukirekebisha.

Hapa kuna makosa matatu yamepandana na watu wengi wanayaita yote "ofseti ya ADC", yani kosa la kudumu la kile kifaa cha ndani ya chipu kinachogeuza volteji kuwa namba. Kuna ofseti ya ADC yenyewe, kuna volteji ya rejea ambayo ADC inapimia, na kuna sensa. Kila moja ina dawa yake, ukichanganya dawa unazunguka tu.

Tuanze na ADC. F103 ina ADC ya biti 12, yani volteji kutoka 0 mpaka 3.3 inakatwa hatua 4096, kila hatua ni kama milivolti 0.8. Ndani kuna kundi la kapasita ndogo ndogo ambazo zinatakiwa ziwe na uwiano kamili, moja mara mbili ya mwenzake na kuendelea, ila kiwandani haziwezi kutoka sawasawa. Ukiita kalibresheni chipu inajipima zile kapasita, inatengeneza namba ya masahihisho kwa kila moja, inazitunza, na toka hapo kila usomaji unarekebishwa kimya kimya. Ni vizuri uifanye kila bodi inapowashwa, ADC ikiwa imeshawashwa walau mizunguko miwili ya kloki yake, na kabla hujaanza kusoma chochote. Na kumbuka kila familia ina utaratibu wake, kwenye F0 kwa mfano inatakiwa ADEN, biti ya kuwashia ADC, iwe imezimwa ndo uanze, kwahiyo usichukue programu ya chipu moja ukabandika kwenye nyingine ukategemea ifanye kazi.

Sasa angalia ukubwa wa hili kosa. Datashiti ya F103 inasema ofseti ya ADC baada ya kalibresheni, kwa hali mbaya, ni hatua 2.5 hivi. Sensa ya ndani inashuka milivolti 4.3 kwa kila digrii moja, kwahiyo hatua moja ya ADC ni kama digrii 0.19. Hatua mbili na nusu mara 0.19 unapata nusu digrii. Basi. Hata ADC yako ingekuwa mbovu kwa kiwango cha juu kinachoruhusiwa ingekudanganya nusu digrii, wewe unatafuta digrii 27 zilizopotea.

Sehemu kubwa ya hizo 27 iko kwenye sensa. Fomula unayotumia bila shaka ni ile ya kwenye kitabu, unachukua 1.43, unatoa volteji uliyosoma, unagawanya kwa 0.0043, unajumlisha 25. Hiyo 1.43 ni volteji ya sensa ikiwa digrii 25, lakini ni ya kawaida tu, ukisoma safu za pembeni kwenye jedwali lilelile utakuta kima cha chini 1.34 na cha juu 1.52. Soma tena hizo namba mbili. Ni milivolti 90 kila upande, gawa kwa 4.3, ni digrii 21 juu au digrii 21 chini, na chipu bado inahesabika nzima. Watengenezaji wenyewe kwenye mwongozo wao wanasema kabisa kwamba kati ya chipu na chipu unaweza kukuta tofauti ya hadi digrii 45, na kwamba sensa hii inafaa kuangalia joto limebadilika kiasi gani, sio joto ni ngapi. Bodi zako zimepishana digrii 27, sawa na milivolti 116, ziko ndani ya uwanja kabisa.

Ila hiyo bodi ya pili, inayosema 12, sidhani kama ni sensa peke yake. Na hapa ndo tunaingia kwenye kosa la tatu ambalo mi naona ndo baya zaidi, kwasababu lile la sensa angalau limesimama palepale, hili linatembea.

ADC haijui volti. Inachojua ni sehemu ngapi ya VDDA, yani umeme unaoilisha ADC, na kwenye chipu ya miguu 48 kama yako pini ya rejea haijatolewa nje, imeunganishwa na VDDA humohumo ndani. VDDA yako inatoka kwenye regyuleta ndogo ya bodi, ambayo we kwenye programu umeandika 3.3 kwa imani. Tuseme kweli yake ni 3.25. Sensa inatoa 1.43, ADC inahesabu 1.43 gawa 3.25 mara 4096, inakupa 1802. Programu yako inachukua 1802 inazidisha kwa 3.3, inapata 1.452. Milivolti 22 zimezaliwa hewani, na kwakuwa sensa hii inashuka joto likipanda, hizo 22 zinageuka kuwa digrii 5 za baridi ambazo hazipo. Ni sawa na fundi cherehani anayepimia kwa futi ya kitambaa iliyovutika, nguo zote zinatoka na kosa na ukimuuliza anakuonesha futi. Kwahiyo chukua mita, pima pini ya 3.3 kwenye hiyo bodi ya pili, nahisi utaikuta iko chini kuliko ya kwanza.

Na hiyo ni regyuleta ikiwa imetulia. Ukishafunga rilei ya hita, na kama una mpango wa kuweka moduli ya SIM800 ikutumie meseji joto likishuka, ujue ile moduli inavuta hadi ampea 2 kwa mpigo inapotuma, umeme wote wa bodi unayumba na joto lako linaruka pamoja nao. Watu wanaona joto linaruka kila meseji ikienda wanaanza kulaumu programu. Usisome ADC wakati redio inatuma, na hiyo moduli ipe njia yake ya umeme na kapasita kubwa karibu na miguu yake.

Dawa ya rejea iko ndani ya chipu na ni bure. Chaneli ya 17 kuna VREFINT, volteji ya ndani ya karibu 1.20 ambayo haitegemei VDDA. Watu wengi wanaitumia hivi: wanasoma chaneli 17, wanakokotoa VDDA, kisha wanatumia hiyo VDDA kukokotoa sensa. Sio vibaya, lakini F103 haina namba ya kiwandani ya VREFINT kwa kila chipu, unachoambiwa ni kati ya 1.16 na 1.24, kwahiyo umefukuza kosa mlangoni limerudi dirishani. Mi ninavyofanya nagawanya moja kwa moja, Vs ni volteji ya sensa kwa milivolti, soma16 na soma17 ni namba ulizosoma kwenye chaneli hizo:

Vs = 1200 * soma16 / soma17

Ona kilichotokea, VDDA imefutika kabisa kwasababu iko juu na chini. Umeme ukiwa 3.25 au 3.31 jibu ni lilelile. Hiyo 1200 inaweza isiwe sahihi kwa chipu yako, inaweza kuwa 1180 au 1225, lakini ni kosa lisilobadilika kwa chipu hiyo, na kosa lisilobadilika tunalimeza kwenye hatua inayofuata bila hata kulijua ni kiasi gani. Soma chaneli mbili zikifuatana harakaharaka, sio moja sasa nyingine baada ya sekunde, maana katikati hapo umeme unaweza kuwa umeshahama.

Kabla ya hatua hiyo nataka uangalie kitu kimoja kwenye mipangilio yako maana kinaharibu kila kitu na hakitoi kosa lolote kwenye skrini. Muda wa kuchukua sampuli. CubeMX, ile programu ya kupangia chipu, ukiiacha inaweka mizunguko 1.5, ndo ya mwanzo kwenye orodha. Kwa kloki ya ADC ya 12 MHz hiyo ni kama sehemu moja ya nane ya maikrosekunde. Sensa ya joto ni dhaifu, ina ukinzani mkubwa ndani, inahitaji maikrosekunde 17.1 kuijaza kapasita ya ADC. Ukiipa muda mdogo kapasita inabaki na mabaki ya chaneli iliyotangulia, kwahiyo joto lako linakuwa linategemea ulisoma nini kabla, na hapo utaona maajabu, yani ukigusa potenshometa ya pini nyingine joto la chipu linapanda. Weka 239.5 kwenye chaneli 16 na 17, kwa 12 MHz inakupa karibu maikrosekunde 20, inatosha. Hizi chaneli mbili zipo ADC1 tu, na biti ya TSVREFE, inayowasha sensa na VREFINT, lazima iwe imewashwa, HAL (maktaba ya mtengenezaji) inakuwashia yenyewe ukiweka chaneli ila kama unaandika rejista kwa mkono usisahau. Chukua sampuli 64 piga wastani. Wastani unaondoa mtikisiko tu, ofseti hauigusi, ukipiga wastani wa sampuli milioni za bodi inayosema 12 utapata 12 iliyonyooka sana.

Sasa kalibresheni ya sensa. Kitaalamu unatakiwa kupima sehemu mbili, joto la chini na la juu, upate ofseti na mteremko. Kwa kazi yako mi nasema moja inatosha, na sababu ni hesabu sio uvivu. Mteremko wa F103 unacheza kati ya 4.0 na 4.6, yani asilimia 7 hivi kila upande. Ukikalibreti kwenye 37.5 alafu ukawa unafanya kazi kati ya 30 na 45, umbali mkubwa kabisa kutoka kwenye pointi yako ni digrii 7.5, asilimia 7 ya hapo ni nusu digrii, na kadri unavyosogelea 37.5 kosa linakwenda sifuri. Ndo maana usikalibreti kwenye joto la chumba, kalibreti pale unapofanyia kazi. Weka bodi kwenye joto unalolijua, iache itulie dakika 20 huku ikiendesha programu ileile itakayoendesha siku zote, soma Vs, iandike pamoja na joto la kweli:

T = T0 + (Vs0 - Vs) / 4.3

Mfano bodi ikiwa 37.5 ukasoma Vs ya milivolti 1395, hizo ndo T0 na Vs0 zako. Kesho ukisoma 1404 ni 37.5 toa 2.1, yani 35.4. Hizo namba mbili ni za chipu hiyo tu, ukizihamishia kwenye bodi ya pili umerudi ulikotoka. Zitunze kwenye kurasa ya mwisho ya flashi, kwa F103C8 yenye kilobaiti 64 ni anwani 0x0800FC00, na mi huwa naandika pembeni yake ile namba ya kipekee ya chipu, ipo 0x1FFFF7E8, programu ikiwaka inalinganisha, isipofanana inakataa kuendelea. Inasaidia siku ukiwa na bodi kumi mezani na umekopi faili moja kwenye zote.

Ukimaliza hayo yote bodi zako mbili zitasema namba moja, au zitapishana digrii moja hivi. Na hata hapo nakuomba usiangulie vifaranga kwa sensa hiyo.

Sababu ni kwamba ile sensa iko ndani ya silikoni, inapima joto la chipu, na chipu ina joto lake. F103 ikikimbia 72 MHz inakula kama miliampea 30, mara 3.3 ni sehemu ya kumi ya wati. Datashiti inasema kifuniko cha miguu 48 kinapanda digrii 55 kwa kila wati, kwahiyo chipu imekaa kama digrii tano na nusu juu ya hewa inayoizunguka. Jumlisha regyuleta iliyoko sentimita moja pembeni nayo inachemka kivyake. Unaweza kusema si nimeshameza hilo kwenye T0, ni kweli, ila ulilimeza bila feni kuwaka. Feni ya inkubeta ikianza kuzunguka hewa inapitia juu ya chipu, zile tano zinakuwa tatu, programu inaona joto limeshuka digrii mbili, inawasha hita, na hewa kwenye mayai haikuwa imeshuka hata kidogo. Mayai ya kuku kwenye mashine yenye feni yanataka 37.5, na digrii mbili juu ya hapo kwa masaa mengi ni hasara, siku ya 21 unafungua mlango hamna anayelia. Unaweza kupunguza kloki mpaka 8 MHz, ukailaza chipu kwa WFI, amri ya kulala mpaka iamshwe, ukasoma ikiamka, joto lake binafsi linashuka sana, mbinu nzuri kwa vitu vya betri, lakini kwa mayai bado ni kupima nyumba ya jirani.

Nunua NTC, yani resista ambayo ukinzani wake unashuka joto likipanda, ya kilo-ohmu 10, B3950 (B ni namba inayosema unashuka kwa kasi gani), ile yenye kichwa kidogo cha shaba na waya mrefu, Kariakoo zimejaa na maduka ya spea za friji huwa nazo. Resista ya kilo-ohmu 10 ya asilimia 1 kutoka VDDA kuja kwenye pini, NTC kutoka pini kwenda graundi, kapasita ya nanofaradi 100 sambamba na NTC karibu na pini, muda wa sampuli 55.5. Angalia uzuri wa huu mpangilio, NTC inalishwa na VDDA ileile ambayo ADC inapimia, kwahiyo VDDA inajifuta yenyewe kama tulivyofanya kule juu kwa kugawanya, na hapa hata chaneli 17 huihitaji.

Hesabu zake kwenye 37.5: NTC itakuwa karibu ohmu 5870, ADC itasoma karibu 1515, na kila digrii moja inasogeza hatua 39. Linganisha na sensa ya ndani ambayo digrii moja ni hatua 5 tu. Hapa ndo ile kalibresheni yako ya ADC inapata heshima yake, hatua 2.5 za ofseti sasa ni digrii 0.06, unaiita kila ukiwasha na hulazimiki kuiwaza tena. Ukitaka kuhakiki ofseti ya ADC kwa macho yako usiunganishe pini na graundi ukasoma sifuri ukafurahi, maana ofseti ikiwa hasi ADC haiwezi kuonesha chini ya sifuri, itakupa sifuri na kosa limejificha nyuma yake. Tengeneza kigawanyo cha resista mbili kinachotoa kama sehemu ya kumi ya VDDA, kingine sehemu tisa za kumi, pima kwa mita, linganisha. Pointi mbili hizo zinakupa ofseti na geini (mteremko) kwa pamoja.

Kosa linalobaki kwenye NTC ni la NTC yenyewe. Ya asilimia 1 inaweza kukosea robo digrii, za bei poa zinazidi hapo, na resista ya juu nayo ina lake. Hilo unalimaliza kwa chupa ya chai. Jaza maji ya kama digrii 38, kichwa cha NTC kivalishe kitu kisichopitisha maji, kifunge kwa uzi pamoja na ncha ya themomita ya homa, ile ya kidijitali ya duka la dawa. Usiidharau, kati ya 35.5 na 42 hizo themomita kwa kawaida ni sahihi ndani ya digrii 0.1, huwezi kupata kipimo kizuri zaidi ya hapo kwa hela hiyo, na kwa bahati eneo lake ndo eneo la mayai yako. Koroga, subiri dakika kadhaa, soma vyote viwili. Ina tabia moja, inashikilia joto la juu kabisa iliyoliona, kwahiyo kila unapotaka usomaji mpya zima uwashe tena, la sivyo maji yanapoa yenyewe inakuonesha ya zamani na wewe unaandika ofseti ya uongo. Tofauti utakayoipata, tuseme NTC inasema 37.9 na homa inasema 37.6, toa 0.3 kwenye programu. Rudia maji yakiwa yamepoa kidogo kwenye 36, tofauti ikibaki ileile umemaliza, ikiwa imebadilika sana ujue thamani ya B uliyoweka kwenye programu sio ya hiyo NTC.

Kitu cha lazima ambacho watu wanakisahau: waya wa NTC ukikatika pini inapanda mpaka 4095, na kwa fomula hiyo ni baridi kali, programu itawasha hita na haitaizima milele. Usomaji ukizidi 4000 au ukishuka chini ya 100 zima hita, piga kengele, usikokotoe chochote. Na sensa ya ndani sasa mpe kazi inayomfaa. Iangalie boksi la saketi, ikipanda digrii 25 juu ya ilivyokuwa bodi ilipotulia, kuna kitu kinachemka humo, rilei inaungua au regyuleta inakufa, kata umeme wa hita. Kwa kazi ya namna hiyo haihitaji hata T0, inaangalia mabadiliko, na hicho ndo ilichotengenezewa.

Kuhusu F4. Ukweli ni kwamba kuna chipu ambazo kiwanda kimekufanyia kalibresheni ya sensa, F401 na F411 zina namba mbili zimechomwa ndani, moja imepimwa digrii 30 iko anwani 0x1FFF7A2C, nyingine digrii 110 iko 0x1FFF7A2E, na ya VREFINT iko 0x1FFF7A2A, unachora mstari kati ya zile mbili na umemaliza. F0 nyingi nazo zinazo, anwani tofauti. Mtego wake ni volteji iliyotumika kiwandani, kwenye F0 na F4 ni 3.3, kwenye L4 na G0 ni 3.0, kwahiyo usomaji wako lazima uupandishe au uushushe kwanza uendane na hiyo volteji ndo uweke kwenye fomula, vinginevyo unakosea makumi ya digrii na utasema nao ni feki. F103 haina hizo namba, ukisoma anwani za F0 ndani yake kinachotoka sio kalibresheni. Lakini hata F4 iliyopimwa kiwandani bado inapima chipu, na chipu bado haijakaa pamoja na mayai. Baki na bodi zako mbili, hela ya F4 nunua NTC tatu, mbili uzifunge ndani ya mashine, juu na chini, maana inkubeta ya mayai 60 isiyo na feni nzuri inaweza kupishana digrii nzima kati ya trei na trei na hapo ADC haina kosa lolote, moja baki nayo kama spea.